Nani Analinda Ndoa: Mahakama, Kura au Sisi Wazazi?

Ukikaa na akina mama wa kanisa siku hizi hutamaliza kikombe cha chai kabla ya kusikia habari za Marekani. Mmoja amesikia redioni kwamba mahakama ya kule imebatilisha jambo fulani. Mwingine ametumiwa ujumbe kwenye simu unaosema Wakristo wa kule wamemchagua rais kwa ajili ya majaji atakaowateua. Huku kwetu Buhemba, wilaya ya Butiama, tumeyazungumza hayo mara nyingi baada ya kipindi cha Biblia. Wengine kati yetu ni wauguzi, wengine walimu, wengine wakulima wa mihogo na mtama. Wote tunajiita watu wa kushika maadili: tunaamini ndoa ni takatifu, nyumba ina heshima yake, na mtoto hulelewa na baba na mama kabla hajalelewa na serikali.

Swali letu mwezi huu ni hili: sisi tunaosema tunalinda ndoa, tunailinda dhidi ya nini? Tena, mahakama ya nchi yetu wenyewe iliposema neno juu ya ndoa, tulisikiliza?

WENZETU WA MAREKANI

Tuanze na hao tunaowasikia kila siku. Marekani ina Mahakama ya Juu yenye majaji 9. Rais huwapendekeza, Baraza la Seneti huwathibitisha, na hukaa katika kazi hiyo maisha yao yote wasipotaka kustaafu. Ndiyo maana kule mtu anapompigia rais kura hufikiria pia majaji. Mwaka 1973 mahakama hiyo, katika kesi ya Roe dhidi ya Wade, ilisema Katiba inamlinda mwanamke anayetaka kutoa mimba. Wakristo wengi wenye msimamo kama wetu walihuzunika, wakaanza kazi ya miaka mingi ya kuomba, kuandamana na kupiga kura. Kati ya 2017 na 2020 Rais Donald Trump aliteua majaji watatu, na Juni 2022 mahakama ikaifuta hukumu ile ya 1973. Uamuzi ukarudishwa kwa majimbo.

Wengi wetu tulishangilia, tukadhani kazi imekwisha. Lakini Agosti ya mwaka huohuo watu wa jimbo la Kansas, jimbo linalojulikana kwa misimamo ya kihafidhina, walipigia kura jambo hilohilo. Wengi wao wakakataa kuiondoa haki ya kutoa mimba katika katiba ya jimbo lao. Hapo tunajifunza kwamba mahakama inaweza kufungua mlango au kuufunga, lakini moyo wa mtu haubadilishwi na nyundo ya jaji. Aliyetaka kubadili maadili ya watu wake ilimpasa awe amekaa nao na kuwafundisha siku nyingi kabla ya hukumu.

Baada ya kuwatazama wenzetu, tutazame nyumbani.

KESI YETU WENYEWE

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ilitungwa mwaka 1971. Kifungu cha 13 kiliweka umri wa kuoa kwa mvulana kuwa miaka 18 na umri wa kuolewa kwa msichana kuwa miaka 15. Kiliongeza kwamba mahakama inaweza kuruhusu hata aliye na miaka 14 kukiwa na sababu maalumu. Kifungu cha 17 kilisema msichana asiyefikisha miaka 18 anahitaji ridhaa ya baba yake. Baba akiwa amefariki, ndipo mama anapoulizwa. Wote wawili wakiwa wamefariki, anaulizwa mlezi.

Mama msomaji, soma tena sentensi hizo polepole. Wewe uliyembeba miezi tisa, uliyekesha naye alipougua malaria na kumpeleka kliniki mgongoni, sheria haikukuhitaji kabla baba yake hajafa.

Mwaka 2016 mwanasheria kijana wa Kitanzania, Rebeca Gyumi, wa shirika la Msichana Initiative, alifungua shauri Mahakama Kuu Dar es Salaam akisema vifungu hivyo vinapingana na Katiba, kwa kuwa vinamtendea msichana tofauti na mvulana. Tarehe 8 Julai 2016 Mahakama Kuu ilikubaliana naye, ikaipa serikali mwaka mmoja kurekebisha sheria ili umri uwe miaka 18 kwa wote. Serikali ilikata rufaa. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani, ambayo ndiyo ya mwisho nchini, iliitupa rufaa hiyo.

Mahakama ilikuwa imemaliza kazi yake. Kurekebisha maneno ya sheria ni kazi ya serikali na Bunge, na hapo mwendo ukawa wa kobe. Miaka ilipita baada ya hukumu vifungu vikiwa vilevile, na serikali ikaeleza kwamba inaendelea kukusanya maoni ya wadau, wakiwamo viongozi wa dini. Yaani sisi. Ndugu zangu, kama kuna mtu anayesubiriwa aseme neno, basi kanisa ni miongoni mwao.

HOJA ZA WANAOITETEA SHERIA YA ZAMANI

Haifai kuwadharau wanaoona tofauti. Wengi ni wazee wetu, na tumelelewa mikononi mwao. Katika rufaa ile upande wa serikali ulieleza kwamba sheria ya 1971 ilikuwa maafikiano yaliyozingatia mila na dini za Watanzania. Ulieleza pia kwamba ruhusa ya kuolewa mapema ilikusudiwa kumlinda binti aliyepata mimba, ili mtoto azaliwe ndani ya ndoa. Hoja hizo tunazisikia pia vibarazani kwetu. Hebu tuziangalie moja moja.

Ya kwanza husema hii ni sheria ya kigeni, wazungu wanataka kutupangia nyumba zetu. Lakini aliyeshtaki ni Mtanzania, waliohukumu ni majaji wa Tanzania, na kipimo walichotumia ni Katiba ya Tanzania, ambayo haki za binadamu ziliingizwa ndani yake mwaka 1984, miaka 13 baada ya sheria ile ya ndoa. Uganda iliweka umri wa miaka 18 katika Katiba yake ya 1995. Kenya, ambayo kutoka kwetu Mara ni kuvuka Sirari tu, iliuweka katika Sheria ya Ndoa ya 2014. Na hao Wamarekani tunaodhani wametutangulia, jimbo lao la kwanza kuzuia kabisa ndoa za walio chini ya miaka 18 lilikuwa Delaware, mwaka 2018. Mengine yamefuata, lakini si yote. Jambo hili hatukulikopa kwao.

Ya pili husema mzazi ananyang'anywa mamlaka. Sisi tunaamini mamlaka ya mzazi yametoka kwa Mungu. Lakini mamlaka ni ulinzi. Baba anayempeleka binti shule anatumia mamlaka yake. Baba anayehesabu ng'ombe wa mahari binti akiwa darasa la saba ameyauza.

Ya tatu ndiyo nzito kuliko zote: binti akipata mimba nyumbani ni aibu, afadhali aolewe. Hapa tunawaelewa wazazi, maana aibu inauma. Lakini tujiulize, aliyempa mimba binti wa miaka 15 tunamkabidhi binti huyohuyo awe mlinzi wake? Kwa miaka mingi mzazi aliweza kujitetea kwamba mwanafunzi aliyejifungua hana pa kwenda, kwa kuwa shule ilimfukuza. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wanafunzi waliojifungua kurudi shuleni. Ndoa si mlango pekee uliobaki.

Majirani zetu Waislamu wana mafundisho yao juu ya umri wa kuoa, na wapo miongoni mwao wanaoliona jambo hili kama sisi na wanaoliona vingine. Tuzungumze nao kwa heshima, kama tunavyozungumza kisimani na misibani.

SHERIA ZINAZOPINGANA

Akina mama wengi hawajaelezwa jinsi vifungu hivi vinavyogongana na sheria nyingine za nchi hiihii. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Sheria ya Elimu iliyorekebishwa mwaka 2016 inaweka adhabu ya kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi. Nayo sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998 ilisema kulala na msichana aliye chini ya miaka 18 ni ubakaji, hata akikubali, isipokuwa awe ni mke wa mtu huyo na awe amefikisha miaka 15.

Maana yake ni kwamba mabinti wawili wa kijiji kimoja, wenye miaka 15 wote, mmoja yuko kidato cha kwanza na mwingine hakufaulu darasa la saba. Wa kwanza amezungushiwa ukuta wa miaka 30 jela. Wa pili, baba yake akitamka neno moja, tendo ambalo jana lingekuwa ubakaji leo linaitwa unyumba.

Tena binti huyo, akiisha kuitwa mke na mama, hana kura. Katiba yetu inampa Mtanzania haki ya kupiga kura akifikisha miaka 18. Taifa linasema hajakomaa kumchagua diwani wa kata yake. Itakuwaje liseme amekomaa kumchagua baba wa watoto wake, au kuchaguliwa naye?

TUNAYOYAONA SISI WAUGUZI

Wenye kuhukumu husoma karatasi. Sisi tunaofanya kazi ya uuguzi tunasoma mwili.

Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba Mara ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyoongoza kwa ndoa za mapema: zaidi ya nusu ya wanawake wenye umri wa miaka 20 hadi 24 waliolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Huku kwetu Buhemba kuna jambo jingine tena, kuna dhahabu. Mahali penye fedha ya haraka, kijana wa machimboni akipata mifuko miwili mitatu ya mawe mazuri, binti wa miaka 15 huonekana mwanamke tayari, na baba mwenye madeni huona mkwe tayari.

Basi huja kliniki. Huja na mama mkwe, na kadi imeshikwa na mama mkwe. Ukimwuliza binti umri wake, humtazama mkwe kwanza. "Ana kumi na nane," anajibu mkwe. Tunaandika tulichoambiwa, huku macho yetu yanaona mtoto. Ukipata nafasi ya kubaki naye peke yake wakati wa kumpima, ukamwuliza taratibu nani alikubali aolewe, hujibu, "Baba." Na mama je? Hapo hunyamaza, akatazama ukutani.

Nyonga ya binti wa miaka 14 au 15 mara nyingi haijamaliza kukua. Mtoto anakuwa na njia nyembamba ya kupita. Uchungu unapopingamana hivyo na binti yuko nyumbani, mbali na pa kufanyiwa upasuaji, siku ya kwanza hupita, na ya pili hupita. Kichwa cha mtoto hukandamiza kibofu na njia ya uzazi hadi nyama inakufa. Mara nyingi mtoto naye hufa. Siku chache baadaye mkojo huanza kutoka wenyewe bila kujizuia. Hiyo ndiyo fistula. Mume aliyemtaka kwa haraka humrudisha kwao kwa haraka vilevile, kwa sababu ya harufu. Fistula hutibika: hospitali ya CCBRT Dar es Salaam na Bugando Mwanza zimewatibu wengi. Lakini binti huyo hupoteza miaka kabla ya kujua kwamba kuna tiba.

Tena kuna kifafa cha mimba, ambacho huwatembelea zaidi wenye mimba ya kwanza na wenye umri mdogo. Miguu inavimba, kichwa kinauma, macho yanaona giza, nyumbani wanasema amerogwa. Kuna watoto wanaozaliwa na uzito mdogo. Na kuna kidonda kisichoandikwa kwenye kadi, cha msichana aliyeacha kuruka kamba mwaka jana na mwaka huu ananyonyesha bila kujua kwa nini analia.

Hatusemi haya kuwatisha wasomaji. Tunayasema kwa sababu tunaposikia neno maadili ya taifa, sisi tunaona sura. Maadili yasiyomfikia binti huyu kitandani ni maneno ya mkutanoni tu.

MWALIMU NA DESTURI ZA WAZAZI WAKE

Kwetu Butiama hatuwezi kuzungumza juu ya taifa bila kumtaja Mwalimu Julius Nyerere. Wanaoandika maisha yake wanaeleza kwamba baba yake, Mtemi Nyerere Burito, alimchagulia mchumba ambaye alikuwa bado mtoto mdogo sana. Huo ulikuwa utaratibu wa Wazanaki wa wakati ule, na hakuna aliyeuona kuwa ni ubaya. Julius aliyebatizwa na kusoma akafuata njia nyingine. Januari 1953 alifunga ndoa kanisani, Musoma, na Maria Gabriel, mwanamke mzima aliyekuwa na kazi yake ya ualimu, na ndiye Mama Maria tunayemjua.

Je, Mwalimu aliwadharau wazee wake? La. Alirudi Butiama, aliishi kati ya watu wake, na kaburi lake liko Mwitongo, kwao. Alijua tofauti kati ya kuheshimu wazazi na kushika kila walichoshika.

Sheria ya Ndoa ya 1971 ilitungwa yeye akiwa Rais, na kwa wakati wake ilikuwa hatua kubwa. Ilitaka maharusi wote wawili waridhie kwa hiari yao, na ndoa za dini na mila zote ziandikishwe chini ya sheria moja. Kwa kifungu cha 13 ilifika ilipoweza kufika. Kuisogeza mbele leo hakumvunjii heshima aliyeianza.

KURA YETU NA MIDOMO YETU

Majaji wetu hatuwachagui, wala rais hawateui kwa kuthibitishwa na Bunge kama kule Marekani. Wa Mahakama Kuu hustaafu wakiwa na miaka 60, wa Mahakama ya Rufani miaka 65. Lakini wabunge tunawachagua. Kila baada ya miaka mitano wagombea hupita vijijini kwetu. Tunawauliza barabara, maji, umeme na zahanati. Ni haki yetu. Lakini ni mara ngapi mama mmoja amesimama na kuuliza, "Ndugu mgombea, juu ya umri wa kuolewa, wewe utasema nini bungeni?" Mbunge hujibu anachoulizwa. Tusipouliza, atadhani hatuna maoni.

Kitabu cha Mithali, sura ya 31, tunakipenda kwa ajili ya mke mwema. Tukumbuke kwamba sura hiyo inaanza na mama anayemfundisha mwanawe mfalme jinsi ya kutawala, naye anamwagiza awasemee wasio na sauti. Mama yule hakuona kwamba mambo ya utawala si ya wanawake.

Lakini tusingoje Bunge, wala tusidhani hata Bunge likipitisha kila kitu jambo litakuwa limekwisha. Kumbukeni Kansas. Ukeketaji ulikatazwa kwa sheria mwaka 1998 kwa watoto walio chini ya miaka 18, na katika mkoa wetu wa Mara mabinti wamezidi kukimbia kila msimu unapofika. Wanaowapokea ni watu walioamua kutenda. Mwaka 2014 Dayosisi ya Mara ya Kanisa Anglikana ilifungua nyumba salama Mugumu, na Rhobi Samwelly, mwanamke wa hukuhuku Mara ambaye mwenyewe alikeketwa, amewapokea mabinti wengi huko Mugumu na hapa Butiama. Sheria iliwapa mabinti haki ya kukimbia, lakini mlango wa kukimbilia ulifunguliwa na watu.

TUFANYE NINI?

1. Mama aseme kabla ya posa kupokelewa. Mshenga hafiki siku moja, huwa kuna minong'ono ya wiki nyingi. Zungumza na mume wako mapema, faraghani, kwa heshima na bila kuogopa. Baba wengi wana moyo laini kwa binti zao wakisikilizwa wakiwa peke yao.

2. Binti awe na cheti cha kuzaliwa. Umri usiojulikana ndio mlango wa udanganyifu. Cheti kikiwapo, hakuna anayeweza kusema kumi na nane pasipo kumi na nane.

3. Kanisa liulize umri kabla ya matangazo ya ndoa. Mchungaji, padri au mzee wa kanisa asifungishe wala kubariki ndoa ya aliye chini ya miaka 18, hata familia iwe na michango mikubwa namna gani.

4. Binti aliyejifungua arudi shuleni. Vikundi vyetu vinaweza kumshikia mtoto kwa zamu. Ni huduma ndogo, ina thawabu kubwa.

5. Ukiona ndoa ya mtoto inapangwa, toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji, afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Namba ya simu ya kuwasaidia watoto ni 116.

6. Uchaguzi ukija, nendeni na swali moja lililoandikwa. Akina mama kumi wakiuliza swali moja kwa wagombea wote, litajibiwa.

Tunajiita watu wa kuhifadhi maadili. Mkulima anayehifadhi mbegu haili ingali changa. Huiacha ikomae, akaianika, akaitunza mahali pakavu hadi mvua zake. Tukiwahifadhi binti zetu namna hiyo, ndoa watakazofunga zitakuwa na mizizi.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KIKUNDINI

• Katika ukoo wenu, nani huulizwa binti anapoposwa? Mama huulizwa lini?

• Ni desturi gani za wazazi wetu tungependa kuzishika daima, na zipi tuziage kwa heshima?

• Kanisa letu lina utaratibu gani wa kuhakikisha umri wa maharusi?

• Je, yuko binti jirani aliyeacha shule ambaye kikundi chetu kinaweza kumsaidia mwezi huu? Nani atakwenda kuonana na mama yake, na siku gani?